Shangazi, niuze kiwanja cha Chanika niende Uingereza?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni muuguzi wa diploma, nina miaka 33, nafanya kazi hospitali binafsi hapa Dar kwa laki saba na nusu kwa mwezi. Mume wangu anaendesha bajaji. Tuna watoto wawili, wa miaka saba na mitatu, na tangu tuoane tunaishi Mbagala kwa mama yake, chumba na sebule. Mama mkwe anahesabu mkaa. Saa mbili usiku anaipiga kufuli koki ya uani na ufunguo analala nao, nikirudi shifti ya jioni napanda kitandani na jasho la wodini. Nikipika anaonja, halafu anapika tena chake.

Rafiki yangu wa chuo alienda Uingereza mwaka 2023 kuhudumia wazee, akaenda na mume na mtoto, sasa wana gari. Kuna bwana wa Sinza anasema ataniunganisha na kazi kama hiyo kwa milioni 18, nusu nilipe kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo. Tulichonacho ni kiwanja cha Chanika tu, msingi umeshakaa na tofali zimeshafyatuliwa. Mteja yupo. Mume wangu anasema nitakavyoamua mimi, sawa. Watoto wangebaki na bibi yao mpaka nitulie. Kweli maisha kule ni bora, au nitajuta?

Mama wa Wawili, Mbagala

Marahaba, mwanangu.

Tuanze na huyu wa Sinza, maana ana Ijumaa yake. Kazi anayokuuzia haipo. Tangu tarehe 22 Julai 2025 Uingereza imeacha kutoa viza mpya kwa wahudumu wa wazee wanaoajiriwa wakiwa nje ya nchi hiyo. Rafiki yako hakukudanganya, yeye alipita mlango ukiwa wazi. Na hata kabla haujafungwa ulishabanwa: kuanzia tarehe 11 Machi 2024 mhudumu wa wazee aliyekwenda kwa viza hiyo hakuruhusiwa tena kuchukua mwenza wala watoto. Kwa hiyo hiyo "mpaka nitulie" yako ingekuwa ndefu kuliko ulivyopanga.

Waliowahi nao si wote waliotulia. Wapo waliofika wakakuta kampuni iliyowaita haina kazi ya kuwapa, wengine kampuni ikanyang'anywa leseni ya kuajiri wageni. Hapo mfanyakazi kwa kawaida hupewa siku 60 atafute mwajiri mwingine mwenye leseni, akikosa afungashe. Hebu fikiria siku 60 hizo wakati kiwanja kimeshauzwa.

Orodha ya waajiri wenye leseni iko kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, kuisoma ni bure. Hapa kwetu nako wakala wa ajira anatakiwa awe amesajiliwa, na TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira, wapo, unaweza kwenda kuuliza. Mwambie huyo bwana akutajie jina la mwajiri na akuonyeshe leseni yake mwenyewe. Nadhani atakuuliza kwani humwamini.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wewe ni muuguzi, na ulikuwa unataka kulipa milioni 18 ili usiwe muuguzi. Njia ya muuguzi haijafungwa. Ni ndefu, na haitaki dalali. Inaanza na Kiingereza: mtihani wa IELTS, alama 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika, au ule wa OET uliotungwa kwa ajili ya watu wa afya. Baraza la wauguzi la kule, NMC, litataka uthibitisho kutoka Baraza la Uuguzi na Ukunga la hapa kwetu. Kuna mtihani wa uuguzi wa kwenye kompyuta ambao unaufanya kabla ya kusafiri, na wa vitendo unaufanyia huko huko. Muuguzi anaruhusiwa kwenda na mwenza na watoto. Tena ujue hili: Tanzania imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye uhaba mkubwa wa watumishi wa afya, kwa hiyo waajiri na mawakala wa Uingereza hawatakiwi kuja kutuvuna hapa. Kuomba kazi mwenyewe hukatazwi. Ila mtu anayekufuata wewe Mbagala na ofa mkononi, huyo mwogope.

Sasa umeniuliza kama maisha kule ni bora. Muuguzi aliyeanza kwenye hospitali za umma za England mwaka wa 2025/26 alilipwa pauni 31,049 kwa mwaka. Najua umeshashika simu unazidisha, na umepata zaidi ya milioni nane kwa mwezi kabla ya makato. Nami nilizidisha. Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikaa Leicester miaka minne, nikibeba boksi kweli kweli, kwa sababu ghala lenyewe lilikuwa la maboksi ya soksi. (Nilienda kwa viza ya masomo. Wenzangu wengine walijilipua, yaani waliomba ukimbizi kwa maelezo ya kutunga, na hayo ni yao.) Mwezi wa kwanza niliandika nyumbani barua ya majigambo. Mwezi wa pili nikagundua kosa langu: mshahara naugeuza shilingi, lakini kodi ya chumba, nauli na ile mita ya umeme inayokula sarafu naviacha kwenye pauni. Siku hizi nyumba ya vyumba viwili, hata nje ya London, mara nyingi inagusa pauni 1,000 kwa mwezi, na bado mtoto wako mdogo hajapata wa kumwangalia ukiwa zamu ya usiku. Piga hesabu yote kwa pauni, mpaka mwisho, ndipo ugeuze kinachobaki. Kitabaki kitu. Sikudanganyi kwamba hakitabaki.

Na maji ya moto yalitoka saa nane za usiku kama yanavyotoka saa nane za mchana. Hilo silisahau mpaka leo.

Nimelitaja makusudi. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya mwisho nikiwa na kalamu. Mshahara umeutaja mara moja, upesi, kama mtu anayejaza fomu. Mkaa, koki, kufuli, chungu chako kuonjwa, hayo umeyaandika kwa mkono mwingine kabisa. Mwanangu, wewe hukimbii Tanzania. Unakimbia uani kwa mama mkwe. Halafu angalia ulichopanga: kiwanja pekee ambacho kingekutoa kwake unakiuza, na watoto wako unamwachia yeye.

Wenye hekima zao wangekuambia usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi siwezi, mbachao wako umechanika kweli, na miaka yote hiyo chini ya mkwe mwenye kufuli si mchezo. Ninachosema ni kwamba Uingereza iko mbali mno kwa safari ya kutoka Mbagala kwenda kwako.

Kwani Chanika mnasubiri nini? Msingi upo, tofali zipo. Dar nzima watu wanahamia nyumba hazina dari, madirisha yamezibwa kwa mabati chakavu, choo cha nje, na wanalala usingizi. Mnasimamisha vyumba viwili, mnaezeka hivyo vilivyo, plasta itakuja na kikoba. Nakubali kutoka Chanika kuwahi shifti ya asubuhi utaamka na jogoo, na foleni ya Gongo la Mboto utaitukana. Lakini koki itakuwa yako. IELTS utaisomea pale pale, mwaka mmoja au miwili, bila Ijumaa ya mtu yeyote. Ukifaulu na bado unataka kwenda, nenda kama muuguzi, na familia yako, na nyuma yako kuna nyumba. Ukiona hamu imekwisha baada ya miezi sita ya kulala kwako, usishangae, na usione aibu.

Limebaki la mumeo. "Utakavyoamua wewe" ya mwanaume anayeishi kwa mama yake mara nyingi haina maana ya ruhusa. Anaogopa kuchagua kati yenu. Usimwulize habari za Uingereza kwa sasa, wala usimsemee vibaya mama yake, utamfunga mdomo. Mwulize swali dogo: kupandisha kuta mpaka lenta inatakiwa shilingi ngapi? Dereva wa bajaji anajua bei ya saruji kuliko mimi na wewe, kila siku anabeba mafundi. Akianza kutaja bei, mwache aendelee.

Wa Sinza akipiga simu usimpe hata nauli. Mteja wa kiwanja mwambie hakiuzwi. Na Jumapili ukiwa huna zamu, nendeni Chanika wote wanne mkahesabu tofali. Zikikaa muda mrefu bila mtu, huwa zinapungua.