Unafikiria kuchukua kozi ya topolojia? Soma hapa kwanza

Kila msimu wa kusajili kozi ukifika, wanafunzi wa hisabati huniuliza: hii topolojia, yaani hisabati ya sifa za maumbo zinazobaki hata yakivutwa na kukunjwa bila kukatwa, ni kitu gani hasa, na ina faida? Kabla ya kujibu nami huuliza: umeisikia kwa nani? Maana watu wanaoitaja hawazungumzii kitu kimoja.

Wasio wanahisabati wanajua ule utani wa mtu asiyeweza kutofautisha kikombe cha chai na donati, kwa kuwa kila kimoja kina tundu moja (la kikombe liko kwenye mkono wake). Utani hauna kosa, ila unamwandaa mwanafunzi vibaya. Anaingia darasani akitarajia maumbo ya kuvutwa na kukunjwa, halafu mhadhiri anaandika ubaoni: seti X, mkusanyiko wa seti ndogo ziitwazo wazi, masharti matatu. Wiki zinapita, donati haionekani. Darasani kwetu wengi walikata tamaa hapohapo, na siwalaumu.

Hakuna aliyetuambia kwamba fani hii ina milango miwili. Mmoja ni wa watu wa uchanganuzi (tawi la hisabati linaloshughulikia mabadiliko na mipaka), wanaotaka kujua ni masharti gani machache kabisa yanayotosha ili tuweze kusema kitu kinabadilika bila kukatika. Seti zile wazi ni zao, na kitabu cha mwanahisabati Felix Hausdorff cha 1914 ndicho kilichoziwekea msingi. Mlango wa pili ni wa mwanahisabati Henri Poincaré, aliyeanza mwaka 1895 kuhesabu matundu ya maumbo kwa njia za aljebra. Kozi nyingi hukuingiza kwa mlango wa kwanza bila kukudokeza kwamba upo wa pili.

Kwa hiyo usianze na fasili. Anza na dai moja unaloweza kulithibitisha mwenyewe. Mimi hupenda hili: wakati huu unaposoma, kwenye mstari wa ikweta kuna sehemu mbili, zinazokabiliana moja kwa moja kupitia katikati ya dunia, zenye joto sawasawa. Simama Nanyuki, mji wa Kenya ulio kwenye ikweta. Upande wa pili wa dunia ni katikati ya Bahari ya Pasifiki. Chukua joto la Nanyuki, toa joto la kule. Tuseme umepata hasi saba. Sasa safiri kwenye ikweta nusu ya mzunguko, ukifanya hesabu hiyo kila hatua. Ukifika Pasifiki, sehemu zimebadilishana nafasi, kwa hiyo jibu ni chanya saba. Joto halirukiruki, linabadilika taratibu, basi mahali fulani njiani tofauti ilikuwa sifuri. Hatukuhitaji kipimajoto wala ramani ya hali ya hewa. Ukishaelewa hilo, lile somo la seti zilizoungana, yaani zisizokatika vipande, litakuwa na kazi ya kufanya kichwani mwako.

Wanaaljebra nao wana maoni yao. Mwaka 1939 mwanahisabati Hermann Weyl aliandika kwamba malaika wa topolojia na shetani wa aljebra wanagombania roho ya kila tawi la hisabati. (Wanaaljebra niliosoma nao hawakuipenda sentensi hiyo.) Wanafizikia ndio walionishangaza zaidi. Tuzo ya Nobel ya fizikia ya 2016 ilikwenda kwa Thouless, Haldane na Kosterlitz kwa kazi iliyojengwa juu ya topolojia. Wanachokipenda ni kwamba matundu huhesabiwa kwa namba kamili: hakuna tundu moja na nusu. Sifa ya mata iliyofungamana na namba ya aina hiyo haitikiswi na uchafu mdogo ndani ya sampuli.

Basi kabla hujasaini fomu, omba muhtasari wa kozi. Ukiona seti wazi na ukompakti (sifa nyingine inayofasiliwa kwa seti wazi) tu, ni kozi ya uchanganuzi: ichukue ikiwa unaelekea huko, hutajuta. Kama kilichokuvuta ni matundu, tafuta neno homolojia au kundi la msingi, zana za aljebra za kuhesabu matundu. Yasipokuwepo, muulize mhadhiri kama kuna kozi ya pili, na ni lini mara ya mwisho ilifundishwa kweli, maana kwenye vitabu vya mwongozo vya vyuo kuna kozi ambazo hazijawahi kuona darasa.