Ule mstari wa Yeremia na magunia 14 ya viazi

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Isyonje, Mbeya, nalima viazi, nasali Moravian. Kila asubuhi simu inaniletea Neno la siku. Novemba, siku niliyokuwa nawaza nikope au nisikope, lilikuja Yeremia 29:11, pale Bwana anaposema anawawazia watu wake mawazo ya amani wala si ya mabaya, ili awape tumaini. Nikasema Mungu amenijibu. Nikakopa laki nane kwenye kikoba, nikanunua mbegu magunia manane, nikapanda ekari moja. Januari ugonjwa wa ukungu ukaingia shambani. Nilitegemea magunia 60, nimeambulia 14. Mume wangu ananiuliza, "Mstari wako uko wapi?" Siku hizi nafumba macho nafungua Biblia popote, nakutana na maneno ya hukumu tu. Jumuiya nimeacha kwenda kwa sababu wanakikoba wamo humo humo. Je, Mungu alinidanganya? Na nisomeje ili nisipotee tena?

Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa shamba, na pole zaidi kwa hilo swali la mume wako, maana najua linauma kuliko ukungu.

Mungu hakukudanganya. Ila ulichokisoma asubuhi ile ni sentensi moja ya barua, tena barua waliyoandikiwa watu wengine. Mimi nikichukua neno moja tu la barua yako, lile "Mungu amenijibu", nikaacha yote yaliyofuata, nitakupongeza kwa mavuno mema. Ndivyo mstari ule ulivyofika kwenye simu yako.

Yeremia 29 ni barua kweli. Ilitoka Yerusalemu ikapelekwa kwa mkono wa Elasa na Gemaria (aya ya 3) hadi kwa wazee waliochukuliwa mateka Babeli. Watu wale walikuwa wamepoteza nyumba na mashamba, na walikuwa wanangoja kusikia kwamba wanarudi karibuni. Hapo ndipo sura ya 28 inapohitajika, na karibu hakuna anayeisoma. Nabii Hanania alisimama hekaluni akatangaza kwamba ndani ya miaka miwili nira ya Babeli itavunjwa. Neno tamu! Yeremia mwenyewe akajibu "Amina, Bwana na afanye hivi." Lakini Hanania hakuwa ametumwa. Barua ya Yeremia ikasema miaka sabini (29:10). Aya ya 11 inakuja baada ya hiyo sabini. Mzee aliyeisikia barua ile ikisomwa alijua kwamba yeye atafia Babeli na kuzikwa huko. Ahadi ilikuwa ya kweli, ila mwenye kuiona atakuwa mjukuu wake.

Na katikati ya kungoja wafanye nini? Aya ya 5 hadi ya 7: jengeni nyumba, pandeni bustani mkale matunda yake, oeni, utakieni amani mji ule na kuuombea. Kwa hiyo Yeremia 29 ina neno kwa mkulima, mwanangu, lakini neno lenyewe liko aya ya 5. Linamwambia mtu aliyeumia apande tena. Halimwambii kwamba ekari hii itatoa magunia 60.

Kuhusu kuugeuza mstari wa siku kuwa jibu la mkopo, wewe Mmoravian una historia nzuri ya kukusaidia. Desturi ya neno la kila siku ilianzia Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1728, na kitabu cha kwanza kikachapwa kwa ajili ya mwaka 1731. Wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891 walitoka katika kanisa hilo hilo. Mpaka leo aya ya Agano la Kale huko hupatikana kwa kura, tena muda mrefu kabla ya mwaka wenyewe kuanza, halafu mtu huitafutia aya ya Agano Jipya inayoendana nayo. Kanisa zima husoma neno moja siku moja. Mwanzoni lilipelekwa nyumba kwa nyumba na ndugu aliyebisha hodi. Lilikusudiwa kuwakusanya watu chini ya neno moja. Hakuna aliyelipanga liamue nani akope. Asubuhi ile ya Novemba mstari uliouona wewe waliuona pia mgonjwa wodini, dereva wa lori na mtu aliyefiwa. Kila mmoja angeufanya ishara ya jambo lake, tungekuwa na majibu elfu yanayogongana.

Hiyo ya kufumba macho na kufungua popote iache leo. Sababu ni ya kawaida kabisa. Biblia nene hupenda kufunguka katikati, na mbele kidogo ya katikati hiyo, baada ya Zaburi na Mithali, wamejaa manabii: Isaya, Yeremia, Ezekieli. Kurasa zao nyingi ni maneno ya hukumu, kwa Israeli na Yuda na kwa mataifa. Kwa hiyo kinachokuletea maneno hayo ni mgongo wa kitabu, usidhani ni Mungu anayekukasirikia kila asubuhi.

Sasa namna ya kusoma. Tenga dakika ishirini, simu iwe mbali, Biblia ya karatasi mkononi. Chagua kitabu kimoja ukimalize. Nakushauri uanze na Yeremia 28 na 29, siku mbili. Kisha Wafilipi, sura nne, siku nane ukisoma nusu sura kwa siku. Kisha Marko, sura 16, vivyo hivyo. Soma kwa sauti mara ya kwanza bila kusimama. Mara ya pili soma polepole ukiwa na daftari la mtoto na kalamu, uandike mistari minne mifupi: nani anasema na anamwambia nani, watu hao wako katika hali gani, Mungu anaonekana yukoje hapa, mimi leo nifanye nini. Ule wa kwanza ndio watu wanaouruka, na ndio ungekuokoa Novemba.

Mstari wa nne uwe na jina la mtu na saa. "Nitakuwa mpole" haupimiki, jioni hutajua kama umefanya. "Saa kumi nimpelekee mama mkwe kuni, nisitaje deni" unapimika. Jioni weka alama ya vema au uache wazi. Jumapili soma alama za wiki nzima. Ukiona wazi tatu mfululizo, ujue unachagua makubwa mno, kwa hiyo punguza. Ukikosa siku mbili usijaribu kulipa sura zilizopita. Endelea pale ulipoishia. Wengi wanaoacha kusoma huacha kwa sababu ya deni la sura, na wewe madeni yanatosha. Na usimtumie mtu mstari wowote kwenye simu kabla hujasoma aya kumi za kabla yake na kumi za baada yake.

Utakapofika Wafilipi 4:13, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu", rudi aya mbili nyuma. Paulo yuko kifungoni, na hayo "mambo yote" ni kushiba na kuona njaa, kuwa navyo na kupungukiwa. Kisha soma aya ya 14, ambako anawashukuru Wafilipi kwa kushiriki dhiki yake. Mtu anayeyaweza mambo yote bado alisaidiwa na watu. Hiyo ni sababu ya wewe kurudi jumuiya.

Siku ambazo moyo umekauka usijilazimishe shangwe. Zaburi ya 13 ina aya sita tu, na inaanza kwa kumuuliza Bwana atakusahau hata lini. Ombi kama hilo Mungu ameliruhusu liandikwe. Habakuki naye anaanza kitabu chake kwa kulalamika kwamba analia na hasikiwi; ndipo mwishoni, 3:17-18, anasema hata mtini usipochanua na mashamba yasipotoa chakula, atamfurahia Bwana. Amepita sura tatu kufika hapo. Nawe huhitaji kufika kesho.

Deni sasa. Mithali 6:1-5 humwambia aliyejifunga kwa ajili ya jirani asilale, aende akajinyenyekeze, akasihi. Wadhamini wako wa kikoba wamejifunga kwa ajili yako, basi mwendo huo ni wako. Nenda kwao kabla ya siku ya kikao, na kwa mwenyekiti, ukiwa na karatasi yenye namba: ulichokopa, ulicholipa, kilichobaki, na unachoweza kutoa kila kikao kutokana na yale magunia 14 na vibarua. Usiseme "Mungu atafungua mlango mwezi ujao." Hanania alisema hivyo. Sema kiasi utakachokitimiza hata mwezi ukiwa mbaya.

Kuhusu shamba lenyewe, soma Isaya 28:24-29 ukiwa na mumeo. Pale kujua lini kulima na wapi kupanda nini kunaitwa mafundisho ya Mungu kwa mkulima. Ukungu wa viazi hustawi kwenye baridi na unyevu, yaani hali ya hewa ya Isyonje yenyewe wakati wa mvua, na dawa ya kuzuia hupigwa kabla madoa hayajatapakaa. Majani yakishaungua umechelewa. Mbegu iliyotoka shamba lenye ugonjwa hubeba ugonjwa. Kabla ya msimu ujao ongea na afisa ugani wa kata, au fika kituo cha utafiti cha Uyole uulize mbegu safi na aina zinazostahimili. Kuuliza huko nako ni kumsikiliza Mungu, wala hakupungui utakatifu kuliko kusubiri mstari.

Na mumeo akiuliza tena mstari uko wapi, mfungulie aya ya 5 hadi ya 11 msome pamoja, yeye asome kwa sauti. Lakini kwanza uende kwa wadhamini, jioni hii kama mvua itaruhusu.