Ncha ya kisu cha kukunja imekatika: saga mgongo, makali yaache

Mkuu, umesema ncha ya kisu chako imekatika kama milimita nne ulipokuwa ukibandua kifuniko cha kopo, na unataka kumpelekea fundi wa kuchomelea aipitishe kwenye grinda. Usimpelekee. Nilishapita huko.

Changu kilikuwa Opinel Na. 8, kile cha Kifaransa chenye mpini wa mbao na pete ya chuma shingoni, bapa la sentimita 8.5, chuma cha kaboni. Fundi alimaliza dakika moja, ncha kali ajabu. Kutazama vizuri, mbele kumeingia rangi ya bluu. Bluu hiyo ni chuma kilichofika kama nyuzi 300, ugumu umeshatoka. Nikinoa asubuhi, jioni pale mbele ni butu kama kijiko, huku nyuma panakata kama kawaida. Kuisaga bluu yote itoke ningepoteza sentimita nzima.

Cha pili (nilikivunja nikichokonoa skrubu, nisiulizwe) nilikitengeneza kwa mkono. Wengi hukosea upande wa kusaga. Macho yanakuvuta kwenye makali. Ukisaga huko, ncha inapanda kuelekea mgongoni, na kisu kikikunjwa inachungulia nje ya mpini; utaikuta siku unatia mkono mfukoni kutafuta chenji. Saga mgongo, ushuke nao kidogo kidogo mpaka ukutane na makali. Hapo ncha inalala ndani.

Kwanza zungushia makali tepu ya mafundi umeme, na kama kisu kina pete au kifungio, kikaze bapa likiwa limefunguliwa. Tupa yangu iliteleza tu juu ya chuma kile, nikahamia kwenye kinoo, upande wenye chenga kubwa. Saa moja na nusu, na chai katikati. Maji mwagia kinoo, kisu usikichovye: mpini wa mbao ukilowa unavimba, halafu bapa linagoma kufunguka mpaka mbao ikauke. Nilimalizia kwa msasa wa maji namba 400, kisha 1000.

Vumbi la chuma hujificha kwenye maungio, likakwaruza na kukutia meno ganzi kila ukifungua. Lifute kwa kitambaa, dondoshea mafuta ya cherehani, na bapa nalo lipake, maana chuma cha kaboni hakichelewi kutu.

Kile cha grinda bado ninacho. Nafungulia maboksi.