Maswali ya Wasomaji: Karabai chini ya mwanga wa miezi mitatu

SWALI: Ninaandika hadithi ya kisayansi kuhusu wavuvi wa sayari ya mbali. Nimeweka anga la zambarau, miezi mitatu, mvutano nusu ya ule wa Dunia, na hewa yenye oksijeni asilimia 40. Waliosoma rasimu wanasema ni Ziwa Tanganyika lililopakwa rangi. Nirekebishe wapi?
Msomaji, Ujiji, Kigoma

JIBU: Wamesema kweli, lakini usiongeze maajabu. Uliyonayo yanatosha, yape kazi.

Anza na hewa. Oksijeni asilimia 40 kwa mgandamizo wa hapa Kigoma ni balaa: cheche moja itateketeza nguo na nyavu, na hakuna atakayethubutu kupakia karabai kwenye chombo cha mbao. Punguza mgandamizo uwe nusu ya ule wa usawa wa bahari. Asilimia 40 ya nusu ni sawa na 20 ya hewa kamili, karibu sana na 21 tuliyoizoea, hivyo watu watapumua vizuri. Moto bado utakuwa mkali kuliko wetu, maana naitrojeni inayoupoza imepungua. Kila chombo kibebe ndoo ya mchanga. Jikoni, maji yatachemka kwenye nyuzi 81 hivi, na maharage yatashinda motoni bila kuiva mpaka kifuniko kibanwe sawasawa. Upepo wa kasi ileile utasukuma tanga kwa nusu ya nguvu, basi tanga liwe kubwa mara mbili.

Kwenye mvutano wengi huteleza: hufanya mtumbwi uelee juu zaidi. Uzito wa mtumbwi umepungua nusu, na wa maji vilevile, kwa hiyo utazama kina kilekile. Yanayobadilika ni mawimbi: lenye urefu uleule litakwenda kwa asilimia 70 tu ya kasi ya hapa. Gunia la dagaa litanyanyuliwa kirahisi, ila likisharushwa, kulidaka kunataka nguvu zilezile.

Anga la zambarau litafutie vumbi au ukungu. Kule Mars vumbi hulipa anga la mchana rangi ya kahawia, na machweo yakawa ya samawati.

Utajiri wako uko kwenye miezi. Wavuvi wetu wa dagaa hupumzika mbalamwezi ikiwa kali, kwa sababu karabai haivuti samaki penye mwanga. Ipe miezi yako mizunguko ya siku 9, 14 na 31, chora usiku 60 kwenye karatasi, uweke alama pale yote mitatu imefifia au haijachomoza. Alama zitakuwa chache. Panga siku za soko, madeni na harusi za kijiji kwa kuzifuata hizo.