Hayawani

Mwanangu,

Waalaikumu salaam. Unaniuliza umkanye mwanao au umwache, maana kila kitu kwake sasa ni "unyama": goli la Simba unyama, pilau ya shangazi yake unyama, na juzi kakwambia wewe, "Baba, mnyama wewe," eti anakusifu. Nitafika huko. Kwanza nikwambie la hayawani, ndilo lililonijia niliposoma.

Gari la ng'ombe la babu yako unalijua. Siku hiyo tumepakia mchanga, mimi mtoto wa miaka tisa, natembea nyuma. Kupanda kilima cha Welezo yule ng'ombe mwekundu akapiga magoti. Babu yako hakuinua fimbo. Alimwaga nusu ya mchanga, akamfungua nira, akaingia kuvuta yeye, nami nasukuma. Nyuma yetu motokaa inapiga honi. Mwenyewe akatoa kichwa: "Ondoka njiani, hayawani we!" Baba akajibu, "Samahani, bwana."

Samahani! Hiyo samahani inaniuma mpaka leo kuliko tusi lenyewe.

Nasema siku zote: mnyama hafanyi unyama. Ng'ombe hasengenyi, hali mali ya yatima. Utaniambia, na yule paka wetu aliyekula wanawe, mkalia wewe na dada yako hadi usiku? Haya, hilo nalo lipo. Labda njaa, labda hofu; ila paka hakujua alitendalo, na yule bwana alijua. Hata lugha yetu inawaheshimu. Nani husema ng'ombe imechoka? Ng'ombe amechoka, kama mtu.

Nilikuwa nishakuzaa wewe ndipo niliposikia darsani aya ya 64 ya Sura ya Al-Ankabut. Nyumba ya Akhera imeitwa humo "al-hayawan", ndiyo maisha hasa. Shina lake ni uhai, shina lile lile la hilo neno hayati tunalolitanguliza tukimtaja babu yako. Nililia mbele ya wanawake wenzangu, wakadhani nimefiwa. Kumbe miaka yote ile baba yangu alitupiwa neno la uhai na mtu asiyelijua.

Sasa mtoto. Ulimi unaniwasha niseme mkanye. Lakini anasifu, hatukani, na watu wa Msimbazi timu yao wanaiita Mnyama kwa fahari tupu. Tena mnyama hafanyi unyama, sasa nimgombeze kwa lipi? Ila kukwambia wewe, baba yake, usoni… Hapana, sikuhukumii, nyumba yako hiyo. Muulize tu, akisema mnyama, moyoni anamwona mnyama gani.

Na likizo mlete. Ile nira bado ninayo, nimeitundika nyuma ya mlango wa stoo. Nataka aibebe begani kidogo.

Mama yako