Muulize Mwalimu: Shule ni ya mtu binafsi, namba ya TSC ya nini?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina diploma ya ualimu na nasomesha shule ya kibinafsi hapa Lamu. Meneja asema namba ya TSC, ile tume ya serikali ya kusajili na kuajiri walimu, ni ya walioandikwa na serikali, mimi hainihusu. Mshahara nao umekwama mwezi wa pili huu. Nikijisajili, TSC itanitetea?
Mwalimu wa Langoni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Meneja wako hajui, au ajua na hataki ujue. Sheria ya TSC ya mwaka 2012 haibagui shule: asiyesajiliwa haruhusiwi kufundisha, awe analipwa na serikali au na tajiri wa Mkomani. Tayarisha vyeti vyako vya masomo, kitambulisho, PIN ya KRA (watoza ushuru), fomu ya daktari na cheti cha maadili mema cha DCI (idara ya upelelezi), uombe kwa mtandao.

Wengine huona huo ni usumbufu tu. Mimi niliyekuwa mwalimu mkuu kule Faza nauona vingine. Mwalimu akimharibu mtoto huko bara, TSC humfuta katika daftari. Lisingekuwako daftari hilo, angeshuka Mokowe asubuhi, avuke kwa boti, na adhuhuri awe darasani kwa meneja kama huyo wako, ambaye hata namba hakuulizi!

Lakini kukutetea? Hapo usijidanganye. Kwako TSC ni msajili, na ukikosa maadili ndiyo itakayokuhukumu. Hata wale inaowalipa hawaitegemei kwa utetezi: walimu walianzisha chama chao, KNUT, mwaka 1957, TSC yenyewe ikaja 1967. Mimi, kwa rai yangu, sijapenda kamwe kuwa kwa walimu wa serikali tume hiyo hiyo ndiyo mwajiri na ndiyo hakimu. Anayekusimamisha kazi ndiye anayekaa kusikiza kesi yako. Basi chama ni lazima.

Wewe mwajiri wako ni meneja, kwa hiyo mshahara upeleke ofisi ya leba. Chama cha KUDHEIHA, kile cha wahudumu wa mahoteli, huandikisha pia wafanyakazi wa taasisi za elimu, ulizia. Ila jisajili kwanza. Ukienda kudai mshahara wa ualimu bila namba, meneja atakugeuzia kibao aseme wewe si mwalimu.

Barua ya ajira unayo? Hukuitaja. Kama huna, weka jumbe zote za simu alizokuahidi mshahara, na usifute hata moja.