Manukato ya ofisini yananiangusha

SWALI: Ni karani Toronto. Wakipiga deki au jirani akijipulizia manukato, kichwa hugonga, pumzi hubana. Bosi anasema najidekeza. Nianzie wapi?

JIBU: Hujidekezi. Sera ya Tume ya Haki za Binadamu ya Kanada ya 2007 inauhesabu usikivu wa kemikali, yaani mwili kudhurika na kemikali kama za manukato, kuwa ulemavu. Ila waajiri wengi binafsi wako chini ya sheria ya jimbo, kwa hiyo shikilia Kanuni ya Haki za Binadamu ya Ontario, jimbo lako.

Kwa wiki mbili andika saa, bidhaa, dalili na muda wa kupata nafuu. Mpelekee daktari. Barua yake ieleze usichoweza kuvumilia na marekebisho unayohitaji. “Ana mzio” peke yake hukwama, maana haimwambii mwajiri abadilishe nini.

Kisha omba kwa maandishi: dawa za usafi zisizotiwa manukato, deki baada ya saa za kazi, meza karibu na dirisha. Hapa wengi huteleza: “isiyonuka” kwenye lebo yaweza kuwa na kemikali ya kuficha harufu. Soma viambato. Wakikataa, peleka lalamiko kwenye Baraza la Haki za Binadamu la Ontario ndani ya mwaka 1.